Msamiati wa Bandari ya Mombasa na Istilahi za Maabara: Jinsi Seli Zinavyoshusha Vifuko Vyake

1. Utangulizi

Mwaka 1928 ulifanyika mjini Mombasa mkutano ulioamua kwamba Kiunguja, lahaja ya mji wa Unguja, ndicho kitakachokuwa msingi wa Kiswahili Sanifu katika Afrika ya Mashariki. Kimvita, lahaja ya mji uleule uliowakaribisha wajumbe, kiliachwa kando, ijapokuwa kilikuwa na fasihi ya karne kadhaa na ndicho Kiswahili ambacho mmishonari Johann Ludwig Krapf alianza kukichunguza alipofika Mombasa mwaka 1844. Uamuzi huo ulileta faida ambazo hazina haja ya kurudiwa hapa. Walakini ulikuwa na gharama yake pia. Maneno mengi ya kazi, hasa kazi za bahari, yalibaki midomoni mwa wenyewe bila ya kuingia katika vitabu vya shule.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sehemu ya msamiati huo inaweza kutumika mahali ambapo wengi wasingepatazamia, yaani katika kueleza mbinu za maabara zinazochunguza jinsi seli inavyotoa nje vifuko vyake vya homoni, vimeng'enya na kemikali za neva. Uteuzi wa somo hili si wa kubahatisha. Wanabiolojia wanaoandika kwa Kiingereza wamekopa kutoka bandarini karibu istilahi zote za jambo hili: wao husema kwamba kifuko kina shehena, kwamba hufungwa kamba, kwamba hufika gatini. Mfasiri wa Kiswahili anayetafsiri istilahi hizo mojamoja kutoka kamusini hupata maneno makavu, ilhali watu wa Mji wa Kale wa Mombasa wanazo tayari, wamezitumia vizazi kwa vizazi.

2. Jambo Linalochunguzwa

Seli nyingi hutengeneza vitu kwa ajili ya seli nyingine. Kongosho hutengeneza insulini. Tezi zilizo juu ya figo hutengeneza adrenalini. Ncha ya neva hutengeneza kemikali ya kuamrisha msuli ukaze. Vitu hivi havielei ovyo ndani ya seli. Hufungashwa katika vifuko vidogo vilivyozungukwa na utando wa mafuta. Vifuko vya ncha za neva vina kipenyo cha nanomita 40 hadi 50, na nanomita moja ni sehemu moja katika milioni ya milimita. Vile vya adrenalini ni vikubwa zaidi mara kadhaa.

Safari ya kifuko ina hatua zinazofuatana. Kwanza husafirishwa kutoka mahali kilipofungashwa hadi karibu na utando wa nje. Pili, hunaswa na protini ndefu mfano wa kamba. Tatu, hugusana na utando na kutulia hapo. Nne, hutayarishwa, yaani protini za kifuko na protini za utando husokotana pamoja kiasi cha kuvivuta viwili hivyo vikaribiane mno. Tano, kalsiamu huingia ghafula kutoka nje ya seli. Kalsiamu iliyo nje huzidi ile ya ndani takriban mara elfu kumi, kwa hiyo mlango ukifunguliwa kidogo tu, huingia kwa kasi. Protini inayoitwa sinaptotagmini huipokea, na hapo utando wa kifuko huungana na utando wa seli, tundu hufunguka, na kilichomo hutoka. Jambo hili zima wataalamu huliita eksositosisi.

Katika neva, muda kati ya kuingia kwa kalsiamu na kutoka kwa kemikali ni mfupi kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hapo ndipo penye ugumu wa uchunguzi. Kitu chenyewe ni kidogo kuliko urefu wa wimbi la mwanga, na tendo lenyewe hupita kabla jicho halijapepesa. Kila mbinu ya maabara ni njia ya kushinda mojawapo ya vizuizi hivi viwili, na hakuna hata moja inayovishinda vyote.

3. Mbinu za Maabara

3.1 Kupima kilichotoka

Mbinu ya kwanza haitazami kifuko hata kidogo. Seli huwekwa katika maji yenye chumvi na sukari kwa kiasi maalumu, huchochewa, kisha yale maji hupimwa ili kujua ni kiasi gani cha homoni kilichotoka. Mtafiti hapa ni kama karani wa forodha anayehesabu marobota yaliyokwisha kufika ufukoni bila ya kukiona chombo kilichoyaleta.

Ugumu ni kwamba homoni hutoka kwa kiasi kidogo mno. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Rosalyn Yalow na Solomon Berson, waliofanya kazi New York, walipata njia ya kuipima insulini. Walichukua kingamwili inayoshika insulini, wakaichanganya na insulini nururifu ya kiasi kinachojulikana, kisha wakaongeza maji ya kupimwa. Insulini ya kawaida na ile nururifu hugombania nafasi zilezile; kadiri ya kawaida inavyokuwa nyingi, ndivyo ile nururifu inavyokosa pa kushika. Kwa kupima miale iliyobaki, kiasi cha insulini hujulikana. Yalow alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Berson alikuwa amekwisha kufariki. Upungufu wa mbinu hii ni kwamba hutoa jumla ya vifuko maelfu kwa dakika nzima. Haisemi lolote juu ya kifuko kimoja.

3.2 Kuifuata shehena

Mbinu ya pili huuliza shehena imepita wapi. Katika miaka ya 1960 George Palade na James Jamieson walikata vipande vyembamba vya kongosho la mnyama mdogo wa maabara, wakavipa asidiamino nururifu kwa dakika 3 tu, kisha wakaiondoa na kuweka ya kawaida. Protini zilizotengenezwa katika dakika hizo 3 zikawa zimetiwa alama. Vipande viligandishwa kwa kemikali kwa nyakati mbalimbali na kutazamwa kwa hadubini ya elektroni. Alama zilionekana kwanza mahali pa kutengenezea protini, baadaye katika vyumba vya kufungashia vinavyoitwa kwa jina la Golgi, na mwisho katika vifuko vya akiba. Kwa njia hiyo ratiba ya safari ilijulikana, na Palade akawa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1974. Lakini hadubini ya elektroni huonyesha seli iliyokufa. Kila picha ni ya kitambo kimoja, na mwendo hukisiwa kwa kuzipanga picha.

3.3 Kupima umeme

Bernard Katz na wenzake, katika London ya miaka ya 1950, walitia sindano nyembamba ya kioo katika msuli wa chura mahali neva inapokutana nao. Hata neva iliponyamaza, walipata mishtuko midogo ya umeme yenye ukubwa unaokaribiana. Neva ilipochochewa, mshtuko mkubwa ulikuwa ni jumla ya ile midogo. Wakakata shauri kwamba kemikali haitiririki kama maji ya bomba, bali hutoka kwa mafungu kamili. Fungu moja baadaye lilioanishwa na kifuko kimoja. Katz alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1970.

Mwaka 1982 Erwin Neher na Alain Marty walipima jambo jingine: ukubwa wa utando wenyewe. Utando wa seli huhifadhi chaji ya umeme, na kiasi cha chaji hufuata eneo lake. Kifuko kinapoungana na utando, utando wa kifuko huongezwa katika ule wa seli, na eneo lote hukua. Kwa kukiambatisha kijineli cha kioo chenye ncha ya mikromita moja hivi kwenye seli ya tezi, waliweza kuona eneo likiongezeka kwa vidato, kila kidato kifuko kimoja. Eneo likipungua, ni ishara kwamba utando umerudishwa ndani.

Mbinu hii huona mlango ukifunguka, lakini haioni kama kuna kilichotoka. Kwa hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 imekuwa ikifuatana na nyingine. Unyuzi wa kaboni, mwembamba kuliko unywele, huwekwa ubavuni mwa seli na kupewa umeme kidogo. Kila molekuli ya adrenalini inayougusa hupokonywa elektroni, na mkondo wa umeme hupatikana. Kifuko kimoja huonekana kama mwiba mmoja katika mchoro. Mara nyingi mwiba hutanguliwa na mwinuko mdogo, na huo ndio dalili ya tundu jembamba linalovujisha kidogo kabla ya kupanuka.

3.4 Kugandisha na kuangaza

John Heuser na Thomas Reese walitaka kuipata picha ya tukio lenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walijenga chombo cha kuangusha msuli wa chura juu ya bamba la shaba lililopozwa kwa heli ya maji, na kuuchochea neva yake milisekunde chache kabla haujalifikia bamba. Msuli uliganda papo hapo, na hadubini ikaonyesha vifuko vikiwa katikati ya kufunguka.

Kwa seli hai hutumiwa mwanga. Ndani ya kifuko mna uchachu kuliko nje. Mwaka 1998 Gero Miesenböck na wenzake walieleza protini ya kung'aa waliyoirekebisha hata ikawa haing'ai penye uchachu. Ikipachikwa ndani ya kifuko hukaa gizani, na kifuko kinapofunguka huwaka. Mbinu nyingine huuelekeza mwanga kwa mshazari kwenye kioo, hata usipenye ndani ya seli zaidi ya nanomita mia moja hivi. Vifuko vilivyo mbali havionekani. Vilivyofika ukingoni huonekana kama nyota.

3.5 Sumu na hamira

Njia ya mwisho ni kuharibu kwa makusudi na kutazama kinachokwama. Mwaka 1979 Peter Novick na Randy Schekman walipata hamira yenye kasoro ambayo, ikitiwa joto, hujaa vifuko visivyoweza kutoka. Mwaka uliofuata walikuwa wamekwisha kutambua jeni 23 zinazohusika. Schekman, James Rothman na Thomas Südhof walishirikiana Tuzo ya Nobel ya mwaka 2013 kwa kazi za aina hii.

Sumu nazo hufanya kazi iyo hiyo, na hapa pwani ya Afrika ya Mashariki haimo katika pembe ya somo bali katikati yake. Bunju, samaki ambaye wavuvi wa pwani hujua kwamba hali, ni wa jamii ya samaki wenye sumu inayoziba njia za sodiamu katika neva. Katz na Ricardo Miledi waliitumia sumu hiyo katika miaka ya 1960 kuonyesha kwamba kemikali hutoka hata kama njia za sodiamu zimezibwa, ilimradi neva ichochewe kwa umeme na kalsiamu iwepo. Konokono wa baharini mwenye kombe la umbo la pia, apatikanaye katika miamba ya Bahari ya Hindi, ana sumu inayoziba njia za kalsiamu. Penye sumu hiyo kifuko hubaki ukingoni bila ya kufunguka. Nyoka wa kijani wa miti ya pwani, ambaye wataalamu humwita Dendroaspis angusticeps, ana sumu inayofanya kinyume: huziba njia za potasiamu na kuizidishia neva utoaji. Na sumu ya pepopunda, kama ilivyogunduliwa mwaka 1992, hukata protini ya kifuko inayosokotana na zile za utando. Ugonjwa ambao jina lake lenyewe lina pepo ndani yake umekuwa mkasi wa maabara.

4. Istilahi

4.1 Neno la kutaja tendo

Kitenzi kinachotumiwa mara nyingi ni kutoa. Kina upungufu mmoja mkubwa: hakitenganishi kitu cha thamani na taka. Figo hutoa, kongosho hutoa, na kidonda hutoa. Kumwaga huashiria ajali, na kutupa huashiria kwamba kinachotupwa hakina mpokeaji. Bandarini husemwa kushusha shehena. Maneno haya yanabeba sifa tatu ambazo biolojia inazihitaji: kitu kimefungashwa, kimesafirishwa, na kina mwenyewe anayekingoja upande wa pili. Kwa hiyo ushushaji unafaa kwa homoni na kemikali za neva, na utoaji ubakie kwa taka.

4.2 Neno la kutaja chombo

Kifuko kinapendekezwa badala ya kilengelenge, ambalo ni neno la ugonjwa wa ngozi, na badala ya kibofu, ambalo limeshikwa na kiungo cha mkojo, ingawa asili ya Kilatini ya neno linalotumiwa na wataalamu ina maana ya kibofu kidogo. Neno chombo lina mvuto, kwa kuwa humaanisha kitu cha kutilia vitu na humaanisha pia jahazi. Lakini upana huohuo ndio kasoro yake katika maabara, mahali ambapo kila kifaa ni chombo.

4.3 Hatua za ukingoni

Amari ni kamba nene ya nanga. Kifuko kilichonaswa na protini ndefu bila ya kugusa utando kinaweza kusemwa kimefungwa amari, na kilichogusa kuwa kimefunga gati. Tofauti kati ya hali hizi mbili huwatatiza wanafunzi, lakini mtu aliyepata kusimama karibu na Bandari ya Kale na kutazama jahazi likivutwa hahitaji kuelezwa mara mbili. Kalsiamu ni ruhusa ya forodha: chombo kimefika, makuli wako tayari, lakini hakuna robota linaloshuka mpaka ruhusa itoke.

Ipo pia hali ambapo kifuko hufungua tundu jembamba, hutoa sehemu tu ya kilichomo, kisha hujifunga na kuondoka. Mombasa inayo picha yake. Kabla ya gati za kwanza za maji mengi kukamilika Kilindini mwaka 1926, meli zilitia nanga mbali na ufuko na mizigo ikaletwa kwa matishari. Meli iliweza kushusha kiasi na kung'oa nanga bila ya kugusa nchi kavu. Ushushaji wa nangani ni istilahi inayoweza kuibeba dhana hii.

4.4 Mahali ambapo bandari haitoshi

Sitiari hii ina mpaka, na mwalimu asiyeuonyesha atawapotosha wanafunzi. Hakuna jahazi linaloungana na gati likawa kitu kimoja. Kifuko hufanya hivyo, kwa sababu utando wake na utando wa seli ni wa aina moja ya mafuta. Hapa inafaa kutoka bandarini na kuingia jikoni. Matone mawili ya mafuta juu ya mchuzi, yakikaribiana vya kutosha, huwa tone moja. Muungano wa tando ndio huo. Istilahi ya hatua hii basi isitafutwe katika bahari.

Baada ya kuungana, utando wa ziada hurudishwa ndani na kutengenezwa vifuko vipya, kama Heuser na Reese walivyoonyesha mwaka 1973. Methali ya mabaharia isemayo kwamba kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani inaieleza hali hiyo kwa ufupi: utembee hadi nyuma ya chombo na hadi mbele yake, mwisho utarudi ndani. Marejeo ya utando yanafaa kuwa istilahi yake. Inafurahisha pia kwamba tezi, ambayo ni nyuma ya chombo kwa mabaharia, ni jina la kiungo cha kutengeneza homoni kwa matabibu. Maneno hayo mawili yafundishwe kuwa ni maneno tofauti yenye umbo moja, isije ikadhaniwa kwamba moja limezaa jingine.

4.5 Muhtasari wa istilahi

Shehena: homoni au kemikali iliyomo ndani ya kifuko.
Kufungwa amari: kunaswa na protini ndefu karibu na utando.
Kufunga gati: kugusana na utando na kutulia.
Utayarishaji: kusokotana kwa protini za pande mbili kabla ya ruhusa.
Muungano wa tando: utando wa kifuko kuwa kitu kimoja na utando wa seli.
Ushushaji: kutoka kwa shehena.
Ushushaji wa nangani: ushushaji wa sehemu tu, kwa tundu linalojifunga.
Marejeo ya utando: kurudi kwa utando ndani ya seli.

5. Hitimisho

Istilahi haiishi kwa sababu imeundwa vizuri. Huishi kwa sababu watu wameikubali. Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi na mtaalamu aliyeishi Mombasa na kufariki mwaka 2017, alipendekeza runinga kwa televisheni na ngamizi kwa kompyuta. La kwanza limeenea katika vyombo vya habari vya Kenya. La pili halikupata bahati hiyo. Yote mawili yalitoka katika kisima kimoja. Haitoshi, basi, kusema kwamba neno ni la asili.

Istilahi zilizopendekezwa hapa zina faida ya kutoanza maisha upya, kwa maana bado zinasemwa. Lakini Bandari ya Kale haina tena wingi wa majahazi yaliyokuwa yakija na kaskazi na kurudi na kusi, na Kilindini mizigo hushuka katika makontena kwa mashine. Mtoto wa Ndia Kuu, mtaa ambao jina lake bado linahifadhi matamshi ya Kimvita, anaweza kukua bila ya kulisikia neno amari. Manahodha na makuli wazee ndio kamusi iliyobaki, na idara za lugha zinapaswa kuyaandika maneno yao sasa, kila neno na kazi yake, kabla ya kuyapendekeza kwa wanasayansi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Zipo dawa za kisukari zinazofanya kazi kwa kuzichochea seli za kongosho zishushe insulini zilizoiweka akiba. Mgonjwa ambaye seli zake hazina tena akiba hiyo hazimfai. Mgonjwa anayeambiwa kwamba dawa hutoa sukari mwilini ameambiwa jambo jingine kabisa. Anayeambiwa kwamba dawa huamrisha shehena ishushwe, na kwamba ghala likiwa tupu amri haina kazi, anaweza kuelewa kwa nini daktari amembadilishia vidonge kwa sindano.